Chumba cha Kambare

Makaa yakianza kushika, kabla hayajawa mekundu, hutoa harufu kama ya chuma kilicholowa mvua. Yakishakolea harufu hiyo hupotea, na hapo ndipo watu husema jiko limeiva, liingizeni ndani. Mimi nikiona jiko linaingizwa ndani huinuka kwenda kufungua dirisha, hata kama nimeketi na kikombe cha chai mkononi na mazungumzo yamenoga. Wenyeji wangu hudhani nimepatwa na joto. Wiki iliyopita nilikwenda kumpongeza jirani yangu, msichana aliyejifungua majuzi, nikamkuta ameweka jiko miguuni pa kitanda ili kumkinga mtoto na baridi. Nilijikuta nimelishika kwa pindo la kitenge na kulitoa nje kabla hata sijamsalimu. Alinitazama kama anayemtazama mwizi. Nilitaka kumweleza, nikaona maelezo ni marefu, na yanaanzia mbali, siku zile za kurudi kwetu.

Ninyi wenzangu mliozaliwa kambini Tanzania mnajua jinsi wazazi wetu walivyolitamka neno "nyumbani". Walilitamka polepole, kama mtu anayepuliza uji. Kwa hiyo mimi nilikua nikiamini kwamba nyumbani ni mahali pa joto. Tulipoingia kwa mpaka wa Kobero, tukakaa kwanza Muyinga kwa bibi mzaa mama, kisha tukahamia Gitega, kilichonipokea kilikuwa baridi. Asubuhi ukungu ulilala juu ya migomba, jioni vidole vyangu vilikufa ganzi, na nilidhani kwa dhati kwamba wazazi wamekosea njia.

Kwao na Baba ni Ryansoro, huko huko Gitega. Mdogo wake, tuliyemwita baba mdogo, ndiye aliyebaki na mashamba miaka yote ya vita. Hakutufukuza, lakini hakutukumbatia pia. Alimpa Baba kipande cha bonde chenye majimaji, palipokuwa pakilimwa viazi vitamu, akamwambia mbele ya majirani, "Kaka, umesema unajua samaki. Chimba mabwawa yako. Mvua zikikatika kabla sijaona samaki humo, narudisha viazi vyangu."

Kweli Baba alijua samaki. Kule Tanzania alikuwa akitoroka kambini kwenda kufanya kibarua kwa mzee mmoja wa Kasulu aliyefuga kambare, yule samaki mwenye masharubu, asiye na magamba. Alichimba mabwawa mawili kwa mikono yake. Lakini vifaranga vya kununua havikupatikana, na kambare anayetoka kwenye yai ni kiumbe dhaifu: maji yakipoa, anakufa. Basi akaamua kuwatotoa mwenyewe ndani ya nyumba tuliyopanga mjini, nyumba ya vyumba viwili na stoo. Stoo ile ndiyo ikawa chumba cha samaki.

Nakiona hadi leo. Pipa la bati, kubwa, lililokatwa juu, alimokaa mama wa kambare. Kando yake tangi la mbao lililotandikwa turubai letu la kambini, humo vifaranga, wadogo kama mbegu za mtama zilizoota mikia. Dirisha Baba aliliziba kwa kipande kilichobaki cha turubai hilo hilo, akakipigilia misumari pande zote nne. Nyufa za mlango aliziziba kwa matambara. Katikati aliweka jiko la makaa, imbabura kama wanavyoiita Gitega. Ukiingia ulikuwa kama umeingia kinywani mwa ng'ombe: joto, unyevu, harufu ya pumba na utelezi. Nilipapenda mno. Ndani ya chumba kile tu ndimo nilimojihisi nyumbani.

Siku moja nikiwa nimechuchumaa kando ya pipa, yule kambare mkubwa alipanda juu, akatoa mdomo nje, akafanya "pwa", akazama tena.

"Baba, anafanya nini?"

"Anakunywa hewa. Kambare si kama samaki wengine, maji peke yake hayamtoshi."

"Hewa ipi?"

"Hii hii yetu."

Alisema hivyo akikoroga pumba, bila kuniangalia. Mimi nilibaki nikilitazama pipa. Kama anakunywa hewa yetu, na mlango umefungwa, na dirisha limepigiliwa misumari, je, akiimaliza?

Tangu hapo kila kitu kilithibitisha hofu yangu. Nikikaa humo kitambo, kichwa kilinigonga na miguu ikawa mizito. Nikitoka uani, nafuu. Mama naye alianza kulalamika kichwa. Alisema ni njaa, au ni hii baridi ya kwao na Baba. Kisha kuku wake aliyekuwa akiatamia, aliyehamishiwa kwenye kona ya stoo apate joto, tukamkuta amekufa juu ya mayai yake. Hakuwa na jeraha. Kilemba chake kilikuwa chekundu kuliko alivyokuwa hai. Mama alisema kideri. Mimi nikamwambia Baba kwamba kambare wamemnywea kuku hewa. Baba akacheka hadi akashika ukuta.

"Gore," akasema, "kambare hawezi kumwua kuku. Shida yako hujazoea samaki. Utazoea."

Siku chache baadaye Baba alikwenda Muyinga. Rafiki yake wa kambini, aliyerudi kabla yetu, alikuwa na kambare dume mkubwa, na Baba alitaka kumleta ili tupate uzao mwingine. Alipokuwa akifunga kamba kwenye jerikani alimwambia Mama, "Baridi ndiyo adui yetu. Jiko lisizimike, na mlango usifunguliwe ovyo. Hawa wakifa, bonde limekwenda." Kisha akanigeukia mimi kwa kidole: "Na wewe, mlango wa stoo usiuguse."

Kesho yake mchana ikaja mvua ya mawe. Shuleni kwetu Mushasha ilipiga mabati hadi mwalimu akaacha kufundisha, na ilipopungua tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Nilikimbia nimejifunika mfuko wa nailoni kichwani, barabara ikiwa nyeupe kwa barafu, miguu ikiniuma kama inachomwa. Nilikuwa nikifikiria chumba cha samaki tu, jinsi nitakavyombembeleza Mama aniruhusu nikae humo kidogo nikauke.

Nyumba ilikuwa kimya. Sahani za mchana zilikuwa zimebaki kwenye mkeka. Nikaita, "Mama!" Hakuna jibu. Nikamwita mdogo wangu, Baraka, aliyekuwa bado hajajua kutembea na ambaye kwa kawaida akisikia sauti yangu hupiga kelele kama kwale. Kimya. Hapo nikaona kwamba hata jiko la kupikia halikuwepo barazani.

Nikausogelea mlango wa stoo. Ulikuwa umefungwa kwa ndani kwa kipande cha mti, na chini yake khanga ya Mama imesukumizwa kuziba upenyo. Nikaweka sikio. Nikasikia "pwa". Kimya kidogo, kisha tena "pwa". Samaki walikuwa wakinywa. Sauti ya mtu haikuwepo.

Sikujiuliza kuhusu kidole cha Baba. Niliusukuma mlango kwa bega, haukufunguka. Nikaupiga kwa kisigino mara nyingi, hadi kile kipande cha mti kikaanguka. Joto likanipiga usoni. Majiko yote mawili, la samaki na la kupikia, yalikuwa yamekolea vizuri, mekundu, hayana hata uzi wa moshi. Mama alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye pipa, kidevu kifuani. Baraka alikuwa mapajani mwake, mkono mmoja ukining'inia.

Nilirudi nyuma hadi uani. Nikavuta pumzi mpaka mashavu yakajaa, nikabana pua kwa vidole, nikaingia. Nilibana pumzi kwa sababu moja tu: niliogopa kambare wasije wakainywa na hii iliyo kifuani mwangu. Nikamwacha Mama, nikamshika Baraka kwa kwapa, nikamburuta, maana kumbeba sikuweza kwa mkono mmoja na pua nimeibana. Nikamlaza barazani. Nikavuta pumzi nyingine, nikarudi kwa Mama. Nikamvuta mguu. Hakusogea hata kidogo. Kifua kikaanza kuniwaka, nikatoka tena, na safari hii pumzi ilipoingia ilitoka kama ukelele.

Upande wa pili wa ua wa matete aliishi Mama Hadija, mke wa fundi cherehani, aliyekuwa akikaanga maandazi ya kuuza sokoni. Alipita katikati ya matete yale, hakuzunguka, mikono yake imejaa unga.

"We Gore! Iko nini?"

"Samaki wamekunywa hewa! Mama amekufa!"

Hakuuliza habari ya samaki. Alichungulia stoo, akaona majiko, akamwita Mungu kwa Kirundi, "Yooo, Mana yanje," akaingia. Akamshika Mama kwapani akamvuta kinyumenyume, visigino vya Mama vikichora mistari kwenye pumba. "Ng'oa ile turubai! Mlango uache wazi!"

"Baba alikataza," nikasema. "Samaki watakufa."

"Baba yako iko Muyinga! Mama yako iko hapa! Ng'oa!"

Nikaingia na pumzi yangu nimeibana, nikaning'inia kwenye turubai kwa mikono miwili mpaka msumari ukang'oka, na mwingine, na baridi ya Gitega ikamwagika ndani.

Mama alilazwa uani kwenye matope, mvua ikimnyeshea usoni. Baada ya muda akakoroma, akatapika, akafungua macho ambayo hayakuniona. Mama Hadija hakuwa naye tena. Alikuwa amempakata Baraka, akimpiga nyayo, akimpulizia mdomoni, akisema "Bismillahi" kati ya pumzi na pumzi. Unga wa mikono yake ulikuwa umempaka Baraka shingo nzima. Mimi nilikuwa nikitazama midomo ya Baraka. Ilikuwa myekundu, imeiva vizuri, mizuri kama ya mtoto mwenye afya kuliko wote mtaani, na nikakumbuka kilemba cha yule kuku. Nikajua. Nikaketi chini pale pale.

"Usikae!" Mama Hadija akanifokea. "Kimbia barabarani, leta pikipiki! Mbili! Vite, upesi!"

Nilikuwa sijafika langoni nilipomsikia Baraka. Kilikuwa kilio chembamba, kama cha paka aliyefungiwa. Nikaendelea kukimbia, nikilia naye.

Hospitalini waliwawekea wote wawili vifuniko vya pua, na mirija iliyotoka kwenye mtungi mrefu wa chuma. Mama Hadija aliniambia hiyo ni hewa. Nikaelewa kwa namna yangu: hospitalini ndipo inapowekwa akiba ya hewa za watu zilizonywewa. Muuguzi kijana alianza kumsemesha Mama kwa Kirundi cha haraka, akasikia anajibu kwa Kiswahili cha kambini, naye akageukia Kiswahili.

"Mama, moto mliuweka wapi?"

"Ndani. Kwa ajili ya samaki." Sauti ya Mama ilikuwa imekwaruzika. "Lakini haukuwa na moshi, mwanangu. Niliyaacha makaa yakolee kwanza ndipo nikaingiza."

"Ndiyo maana," akasema muuguzi. "Moshi ungewakimbiza. Kinachoua katika makaa hakionekani, wala hakinuki. Unasinzia tu."

Mama akafumba macho. Machozi yalipita kando ya kile kifuniko, na hakuyafuta, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imeushika mguu wa Baraka, na hakutaka kuuachia.

Tuliruhusiwa kesho yake. Mumewe Mama Hadija alikuwa amempigia Baba simu na kumwambia tu kwamba mkewe amelazwa. Tulipofika nyumbani, Baba alikuwa hajafika. Mama alitandikiwa mkeka juani, Baraka kifuani mwake, na mimi nikaenda kuchungulia stoo. Mlango ulikuwa wazi, dirisha wazi. Katika tangi la mbao vifaranga walikuwa wametanda juu kama pumba nyeupe. Nikasema kimoyomoyo, mmelipwa. Kisha nikakumbuka bonde, nikaogopa kuja kwa Baba.

Alikuja alasiri, amebeba jerikani begani, nguo zimemgandia. Ndani ya jerikani dume lilikuwa likijipiga. Aliliweka chini langoni. Aliona mkeka, aliona Mama na Baraka wako hai, na badala ya kuja kwetu akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha samaki.

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameona. Aliugeukia ukuta, akamfunika Baraka vizuri, na shingo yake ikakaza. Sijawahi kumchukia Baba kama nilivyomchukia wakati ule, nikisikiliza nyayo zake mle ndani. Alikaa sana.

Alipotoka alikuwa na kile kipande cha turubai mikononi, misumari bado iko pembeni. Akapiga magoti kwenye mkeka.

"Pipa lina utando wa kijani," akasema. "Kuna mahali utando umefutika. Ni mgongo wako?"

Mama akavuta khanga juu ya kichwa cha Baraka.

"Nilitaka nione ulikaa wapi." Akalitazama turubai. "Dirisha nililiziba mimi. Misumari hii niliipiga mimi. Na Gore aliniambia habari za kuku."

"Baba Goreth," Mama akasema bila kugeuka, "mimi nimevuka mpaka na watoto hai. Sikuwaleta kuja kuwazika kwa ajili ya bonde. Ama moto utakaa nje, ama mimi nitakaa nje."

"Moto utakaa nje."

"Na maji yatapata wapi joto?"

Wakakaa hivyo hadi jua likaondoka kwenye mkeka.

Jibu lilipatikana kidogo kidogo, nao wawili wakibishana. Ilionekana kwamba si vifaranga wote waliokufa. Jioni kabla ya mvua Mama alikuwa amehamishia sehemu yao kwenye beseni ndani ya pipa, na kwa kuwa maji ya pipa yalikuwa mengi, hayakupoa upesi. Mama akasema hayo ni kama ndizi za pombe: kwao Muyinga ndizi mbichi hufukiwa shimoni na majani makavu ya migomba, na joto halitoki mpaka ziive. Basi tukaliviringisha pipa kwa majani makavu, tabaka juu ya tabaka, tukalifunga kwa kamba, tukalikalisha juu ya gunia la maranda kutoka kwa seremala. Jiko likabaki uani chini ya ukingo wa paa, na juu yake sufuria kubwa. Maji yakichemka Mama aliyatia kwenye jerikani ndogo, akakaza kifuniko, akaipangusa, akaiweka ndani ya pipa, pembeni, ikaelea humo kama bata. Ikipoa, nyingine. Alipima kwa kiwiko, kama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Dirisha likawekewa wavu tu, na juu ya mlango Baba akatoboa tundu ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuliziba hata kwa jani. Makaa yalitumika kidogo kuliko zamani. Chumba hakikuwa tena na lile joto la kinywa cha ng'ombe, nami sikuingia tena kuota joto.

Siku moja Baba aliniuliza niliingiaje mle nisianguke. Nikamweleza jinsi nilivyobana pumzi wasiinywe. Akanieleza habari za makaa, taratibu, mara mbili. Nilimsikiliza kwa heshima. Ilinichukua miaka kumwamini.

Wiki zile Mama alimwamsha Baraka kila aliposinzia mchana, na Baraka akawa mtoto mwenye hasira. Alichelewa kutembea. Hakuna aliyewahi kutuambia kama ni kwa sababu ya siku ile au la, na Mama hakuuliza, nadhani kwa kuogopa jibu.

Mvua zilikuwa zinaelekea kukatika tulipowapeleka samaki Ryansoro, wachache kuliko tulivyoahidi, wakubwa kama vidole vya mtoto. Baba mdogo alisimama ukingoni mwa bwawa, jembe begani, mbegu za viazi zikiwa zimefungwa kando yake. Aliwatazama wakizama kwenye matope. Aliondoka na mbegu zake.

Mwaka uliofuata akaja mwenyewe Gitega, na jogoo mkononi. Alitaka kutotoa wake. Baba akamwambia, "Mwulize shemeji yako, chumba ni chake." Basi Mama akaenda Ryansoro, nami nikafuatana naye. Mke wa baba mdogo alitutandikia mkeka ndani, akatukaribisha pombe ya ndizi. Chumba walichokiandaa kilikuwa kizuri, udongo umesiribwa upya, hakuna hata ufa. Jiko lilikuwa tayari katikati.

Mama alisimama nje ya kizingiti.

"Karibu, shemeji," akasema baba mdogo.

"Siingii."

"Kuna nini?"

"Toa jiko kwanza." Akalitoa. "Sasa toboa ukuta, pale juu."

Baba mdogo aliutazama ukuta wake mpya, akamtazama mkewe, akamtazama huyu mwanamke aliyerudi jana na juzi kutoka Tanzania, anayeamrisha nyumbani kwake. Nilimwona taya likicheza. Kisha akachukua jembe lile lile la viazi, akalipindua, akapiga kwa mpini. Udongo ukaporomoka, mwanga ukaingia na vumbi lake.

"Na huku chini," Mama akasema.

Akapiga tena. Ndipo Mama akavua kandambili, akainama, akaingia.